Mkono Wako Juu ya Gia

Likoni, baada ya alasiri

Mwanangu Riziki,

Salamu zangu zitakufikia ungali nyumbani, maana barua hii haina safari ndefu: nitaiweka juu ya sanduku lako uikute ukirudi. Umevuka feri kwenda Magogoni kumuaga shangazi yako, na ulipotoka mlango uliubamiza. Sikukasirika. Nilibaki nimekaa palepale jikoni, nikatambua kwamba yote niliyotaka kukwambia mchana yalinitoka mdomoni yakiwa makelele, na mtu akipigiwa makelele hasikii. Ndiyo nikachukua karatasi.

Sitakwambia uvae sweta huko Wundanyi unakokwenda kazini, wala ule nini, wala ukae na watu vipi. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafunzwa na baridi ya huko. Nataka kukwambia habari za gia. Najua utatabasamu useme, Mama na magari yake. Tabasamu, lakini soma.

Unajua kwamba mimi ndiye niliyeshika usukani siku mjombako Bakari alipoupoteza mguu. Hilo hujafichwa. Umekua ukiliona gongo lake limeegemezwa ukutani kwetu, na ulipokuwa mdogo ulilichezea farasi. Usilolijua ni majuma yaliyotangulia siku ile. Watu huuliza ajali ilikuwaje. Sijapata mtu akaniuliza ilianza lini.

Pikapu aliiacha babako alipofariki, wewe ukiwa bado unatambaa. Nilijifunza kuiendesha kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Bakari, mdogo wangu, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza shule na hana kazi, tukawa wenza: mimi naendesha, yeye anapakia na kupakua. Tulikuwa tukipanda Kwale kuchukua nazi na machungwa kwa wakulima, tunateremka nazo mlima wa Golini, tunavuka feri, tunapeleka sokoni Kongowea. Wanaume walizoea kusimama barabarani kumtazama mwanamke wa buibui anapiga gia. Nami nilipenda kutazamwa. Hilo nalo liweke akilini, lina sehemu yake.

Asubuhi moja niliwasha injini, nikakanyaga klachi, gia ya kwanza ikakataa kuingia. Nikajaribu ya pili, ikakataa. Nikajaribu rivasi, ikalia kwa ukali kama mtu anayesaga mawe kwa meno. Nikazima injini. Gari likiwa limezimwa, gia zote ziliingia bila tabu, moja baada ya nyingine. Nikawasha tena. Zikakataa tena.

Hapo gari lilikuwa limeniambia kila kitu, ila mimi sikujua lugha yake. Gia zote zikigoma injini ikinguruma, na zote zikakubali injini ikizimwa, ubaya hauko kwenye gia. Uko kwenye klachi. Unakanyaga, lakini haiachii. Injini bado inaizungusha giaboksi, lile sanduku lenye gia, nawe unataka kupachika meno kwenye meno yanayokimbia. Lakini mimi nilikanyaga klachi haraka haraka mara kadhaa, gia ikaingia, na Bakari akapiga makofi.

“Da Mwanasha, umeshakuwa fundi!”

Nikaona fahari. Ikawa ndiyo desturi yetu ya kila asubuhi: kanyaga, kanyaga, kanyaga, kisha bismillahi.

Nilipompitishia Omari, yule fundi wa Mtongwe unayemjua, aliingia chini ya gari na kutoka akijifuta mikono. “Bi Mwanasha, oili ya klachi inavuja. Niachie gari, nikufungulie.”

“Nijazie tu,” nikamwambia. “Nina mzigo unaningoja.”

Akanijazia. Kabla juma halijaisha ikapungua tena, nikajaza mwenyewe. Baadaye nikanunua chupa nzima, nikaiweka chini ya kiti. Riziki, siku unapoanza kutembea na dawa ya gari chini ya kiti, jua umeshaacha kulitibu. Umeanza kulizoesha ugonjwa, nalo linakuzoesha wewe.

Sasa klachi isiyoachia vizuri haikai na ubaya wake peke yake. Kila nilipolazimisha gia iingie, vitu vilikuwa vinasagana mle ndani nisimoona. Kuna pete ndogo za shaba humo, kazi yake ni kusawazisha mwendo kabla meno hayajakutana. Nilizila zile pete kwa haraka zangu. Kwanza gia ya pili ikaanza kulia kila nikiitia. Nyingine zote kimya, ya pili peke yake inalia. Ikilia gia moja tu, usihangaike na klachi. Ni gia hiyo yenyewe imeanza kuliwa.

Na kilio chenyewe nilikimaliza, wallahi. Dereva mmoja mkongwe alinifunza kuihadaa: unaitoa gia unaiweka fri, pale katikati isiposhika kitu, unaachia klachi, unapiga mafuta kidogo, unakanyaga tena, ndipo unaitia. Ikawa inaingia kimya. Nikamwambia Bakari, unaona, imepona. Kumbe kilichokwisha ni kelele. Nilikuwa nimejifunza kupita pembeni ya ugonjwa bila kuuamsha.

Kisha gia ya pili ikaanza kuchomoka.

Mara ya kwanza tulikuwa tunateremka Golini bila mzigo mkubwa. Nimetoa mguu kwenye mafuta, injini inatuzuia, gari linakwenda kwa adabu. Ghafla mkono wa gia ukaruka wenyewe ukarudi katikati, na gari likawa jepesi. Wepesi ule sijui nikueleze vipi. Ni kama mtu aliyekuwa amekushika mkono gizani, akakuachia bila kusema. Nikakanyaga breki, nikaitia tena, tukaendelea. Tulifika chini Kombani salama.

Tangu siku hiyo Bakari akawa anaishikilia gia kwa mkono wake wa kulia kila tukiteremka. Hakuna aliyemwambia. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Tulikuwa tukizungumza mambo mengine, nazi na bei na nani kaoa nani, na mkono wa Bakari upo pale juu ya gia muda wote, mishipa imesimama. Mimi nilipouona mkono ule umechoka nikapata akili iliyo mbaya kuliko zote: nikakata ukanda wa tyubu kuukuu, nikaufunga kwenye mkono wa gia hadi chini ya kiti, uivute isitoke. Nikitaka kubadilisha naunasua. Madereva wenzangu walipouona mpira ule walicheka wakanisifu. Hakuna aliyeniambia, mama, gari linalofungwa kamba linataka kukimbia.

Siku yenyewe tulipakia nazi za arusi ya watu wa Kiembeni. Arusi kubwa, na mwenye arusi alitaka mzigo wote ufike kabla ya adhuhuri, wapishi wanangoja tui. Wakulima walipakia mpaka springi zikalala. Bakari alizunguka nyuma akatazama magurudumu, kisha akaja dirishani kwangu.

“Dada, tupunguze nusu. Tutarudi.”

“Mteremko tunaujua,” nikamwambia.

“Tunaujua. Nao unatujua.”

Nilicheka. Mpaka leo nikiyasikia maneno yale, nayasikia pamoja na kicheko changu.

Kulikuwa na manyunyu. Tulipoanza kuteremka nikatia ya pili, nikapachika mpira. Mzigo ulitusukuma tangu kona ya kwanza. Nikawa nagusa breki, naachia, nagusa, naachia, kisha nikawa siachii. Harufu ikaja, ile ya kitu kinachoungua polepole. Kwenye ile kona inayozunguka ukuta wa udongo mwekundu gia ikachomoka, mpira ukakatika ukanichapa kwenye goti, na ule wepesi ukaja. Nikakanyaga klachi kuirudisha. Klachi ikaenda mpaka chini kama inakanyagwa kwenye maji. Bakari alikuwa ameishika gia kwa mikono miwili, anasukuma kwa nguvu zake zote, na meno yanalia, yanalia.

“Haiingii! Da Mwanasha, haiingii!”

Breki ilikuwa imeshakuwa laini. Mbele yetu, upande wa bonde, kulikuwa na wanawake wanapanda na madumu ya maji kichwani, mmoja nyuma ya mwenzake, na hawakuwa na pa kukimbilia. Upande wa kushoto kulikuwa na ukuta wa udongo. Hapakuwa na njia ya tatu. Nikauchagua ukuta, na ukuta ulikuwa upande wa Bakari.

Kelele zilipokwisha nilizisikia nazi. Zilikuwa zimemwagika na zilikuwa zinaendelea kuteremka barabarani peke yao, zinagongana gongana, zinakwenda Kombani bila sisi. Wale wanawake waliweka madumu chini wakaja mbio. Mmoja akanivua ushungi akamfunga nao Bakari paja. Mimi nilikuwa bado nimekanyaga klachi. Walinitoa mguu wangu kwa mikono yao.

Hospitali waliukata mguu jioni ile. Alipofumbua macho aliuliza, “Arusi walipata nazi?” Nikacheka na kulia kwa pamoja mpaka mwuguzi akanitoa nje. Riziki, mjombako hajanilaumu hata siku moja, si kwa neno wala kwa jicho. Aliwahi kuniambia kwamba na yeye alipanda kwa miguu yake miwili. Kuna siku nyingine ningependa anitukane, anitoe huko alikoniweka. Hanitukani. Anakuja, anaegemeza gongo, anauliza kuna chai.

Baadaye Omari aliifungua ile giaboksi. Aliniita nikaone, nami sikutaka kwenda, nikaenda. Alikuwa amepanga vipande kwenye gunia. Akaniokotea kipande cha chuma chenye umbo la uma, ndicho kinachoisukuma gia mahali pake na kuizuia humo. Kilikuwa kimeliwa pande zote mbili mpaka kimekuwa chembamba kama kijiko cha bati. Akaniokotea na gia ya pili yenyewe. Meno yake yaliyotakiwa kuwa na ncha yalikuwa ya mviringo, laini, kama meno ya mtoto.

“Hii haikuvunjika siku ile, Bi Mwanasha,” akaniambia. “Ilikuwa inavunjika tangu Ramadhani.”

Nikakaa kwenye kigoda chake nikamwambia anieleze tena, polepole, kitu kimoja kimoja. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Sikujifunza magari kwa kuyapenda, mwanangu, ingawa watu wanadhani hivyo. Nilitaka kujua ni wapi, katika majuma yale yote, ningeweza kusimama. Na jibu nililolipata ni kwamba ningeweza kusimama popote. Asubuhi ile ya kwanza. Siku ya chupa. Siku ya mpira. Hata pale juu, Bakari alipokuja dirishani.

Miaka iliyofuata niliendesha magari ya watu, na unakumbuka madereva walivyokuwa wakija hapa kunipitishia magari yao. Bi Mwanasha, hebu nisikilizie. Nilikuwa nikipanda nao mpaka Mtongwe na kurudi, nimefumba macho, nawaambia hii klachi, hii gia ya tatu, hii mipira ya kukalia injini imekatika ndiyo maana gia zinapotea mahali pake. Nilikuwa sikosei. Basi ulipolileta gari lako jeupe kutoka Changamwe, umelinunua kwa jasho lako, mwanangu mwuguzi, nilifurahi, nikakaa nyuma kama bibi arusi ukatutembeza mimi na mjombako kuelekea ufuo wa Shelly.

Na hapo kwenye kile kiteremko kabla ya kufika pwani nikauona mkono wako.

Ulikuwa umeshatia gia. Ulikuwa huna haja ya kuishika tena. Lakini mkono wako wa kushoto ulibaki palepale juu yake, umeikamata, na vidole vyako vilikuwa vyeupe kwenye viungo. Nikakuuliza, “Riziki, mbona mkono hutoi?” Ukanijibu, “Mazoea tu, Mama.”

Mazoea.

Ndipo Bakari akageuka, hakukutazama wewe, akanitazama mimi. “Da Mwanasha, husikii?”

Nikatega masikio. Sikusikia kitu. Nikasikia upepo, nikasikia watoto nje. Yeye alikuwa amekunja uso kama mtu aliyesogezewa moto, na mimi ninayesikiliza magari ya mji mzima, nimekaa nyuma, sisikii. Nilijua masikio yangu yanafifia, yamekuwa yakififia tangu mwaka jana, lakini nilidhani ni maneno ya watu tu yanayonipotea, adhana ya mbali, simu. Sikujua kwamba na hili limekwisha kunitoka. Nilishikwa na woga nisiopata kushikwa nao hata Golini, maana Golini sikuwa na nafasi ya kuogopa.

Tulipofika nyumbani nilikwambia usizime injini. Unakumbuka, ulishangaa. Nikakaa mahali pako, nikaiweka fri, nikaweka kiganja juu ya mkono wa gia. Masikio yakikataa, ngozi bado ipo. Nikauhisi. Mtetemo mdogo mkavu, kama mchanga unapitishwa kwenye chujio. Nikakanyaga klachi: ukatoweka. Nikaachia: ukarudi. Nikakanyaga, ukatoweka. Mtetemo au kelele ya namna hiyo, inayokuja gari likiwa fri na klachi imeachiwa, ikaondoka ukikanyaga, ni ya beringi, ile pete ya gololi, iliyo mlangoni mwa giaboksi, pale injini inapoingilia. Ingekuwa kinyume chake, kelele inakuja ukikanyaga na kuondoka ukiachia, basi ni beringi ya klachi, na hiyo nisingekupigia kelele nilizokupigia leo. Hiyo huleta usumbufu, hukuacha njiani. Hii ya kwako haikuachi njiani tu.

Omari alipokuja jana na kulifanyia majaribio, alikwambia wewe mwenyewe. Beringi imekwisha, shafti, yaani mhimili unaobebwa nayo, inacheza, na kwa kuwa inacheza ndiyo maana gia ya nne inakuchomokea ukitoa mguu kwenye mafuta. Kwa hiyo ilikuwa inachomoka. Ulikuwa unajua, ukanyamaza, ukaweka mkono.

“Litafika?” ukamwuliza.

“Leo litafika,” Omari akasema. “Kesho sijui. Laweza kwenda mwezi mzima. Laweza lisivuke Mariakani. Ila giaboksi ikishikana uko kwenye mteremko, magurudumu yanakwama, nawe hutakuwa dereva tena. Utakuwa abiria kama abiria mwingine.”

Ukamshukuru, ukampa chai. Leo mchana ukaniambia unaondoka nalo kesho hivyo hivyo.

Nayaandika maneno yetu kama yalivyokuwa, si kwa kukusuta, bali nataka uyaone nje ya kinywa chako.

Nilikwambia, “Panda basi mpaka Voi. Omari ataishusha giaboksi, akimaliza nitakuletea gari mwenyewe.”

Ukasema, “Utaleta wewe, Mama? Na masikio hayo?”

Ulisema kweli, na kweli haina adabu.

Ukasema, “Nimeingojea kazi hii mpaka nimekata tamaa. Zahanati iko juu kabisa, kwenye vile vilima, gari la abiria halifiki. Mgonjwa akizidiwa, nimbebe mgongoni? Kila gari lina kelele zake. Nitalitengeneza nikipata nafasi.”

Nikakwambia nafasi haipatikani, na sauti yangu ikapanda, na yako ikapanda, ndipo ukasema, “Roho ni yangu, Mama.”

Ulikuwa hujamwona mjombako. Alikuwa ameshafika mlangoni na gongo lake, amesimama, hakutaka kuingia kati. Ulipobamiza mlango ulimpita pembeni ukamwamkia “Shikamoo, Mjomba,” bila kumtazama. Akaitika marahaba.

Mimi najua barabara ile ya Wundanyi, Riziki. Niliwahi kupeleka mzigo huko. Ukiacha Mwatate inaanza kupanda, kona juu ya kona, na katika kona nyingine unaliona paa la gari lililo nyuma yako liko chini ya miguu yako. Kupanda hakunitishi. Gari bovu likipanda litakuchosha tu: injini itapiga kelele na mwendo usiongezeke, hapo klachi inateleza, utanusa harufu ya kwato iliyoungua, utasimama kando. Ukitaka kulijua hilo kabla ya safari, simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, tia gia ya tatu, uachie klachi polepole. Injini ikizimika, klachi ni nzima. Ikiendelea kunguruma kama hujafanya kitu, shuka. Hilo nakupa kwa gari lolote utakalopanda maishani mwako. Lakini huko unakokwenda utapanda mara moja na kushuka mara moja, kila siku, na siku nyingine nyuma ya kiti chako atakuwa amelazwa mzazi mwenye uchungu, ambaye hakuambiwa habari ya beringi. Yeye naye ana roho. Hakuna atakayemwuliza mkono wako unafanya nini pale.

Nilitaka kuuficha ufunguo wa gari. Nakwambia ukweli, niliutafuta asubuhi kwenye mkoba wako, kwa kuhofia utaondoka nalo, nikiwa nimeshaamua kuutupa chooni. Niliupata, nikaushika, nikaurudisha. Ningeutupa leo, ungechonga mwingine kesho, na tangu hapo usingeniambia tena gari lako linalia vipi. Na mimi, kwa kuwa sisikii tena, nategemea uniambie.

Basi sikukusudia kuandika zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeshakunja karatasi. Lakini sasa hivi mjombako amerudi, na imenibidi nikunjue.

Alikuwa amekwenda kwake. Amerudi amevaa kanzu safi, na mkoba wa nguo begani.

“Wendapi?” nikamwuliza.

“Wundanyi.”

“Na nani?”

“Na mwanao. Amesema roho ni yake. Mimi nimeona moja ni chache, na ziwe mbili.”

“Bakari, wewe hujateremka mlima kwa gari tangu siku ile. Hata Kwale kwenye maziko ya mama hukwenda.”

“Najua.”

“Utakwenda kufanya nini huko?”

Akakaa barazani, akalilaza gongo miguuni, yaani mguuni, akaweka mkoba mapajani.

“Nitamshikia gia,” akasema.

Sikumtuma, mwanangu. Naapa kwa Mola aliyetuumba sote, sikumtuma, na nimemwomba arudi kwake, akaniambia nimtilie chai. Nimemtilia. Ndiye yule nje, anakunywa, anawasalimu wapitao, anawaambia kesho ana safari.

Omari hajafunga gereji. Nimemwuliza, amesema atakungoja hadi baada ya isha, ukitaka kumwachia gari. Mabasi ya Voi yaondoka alfajiri, na zahanati iliyokungoja muda wote huu itakungoja mpaka Omari amalize kazi yake. Hilo ni neno langu la mwisho juu ya gari, wala sitalirudia kesho asubuhi.

Nimekuwia radhi, Riziki, kwa lolote utakaloamua. Radhi yangu usiitie shaka. Lakini ukiamua kwenda na gari, mjombako utamkuta barazani na mkoba wake. Mfungulie mlango wa mbele, umshikie gongo, naye apande upande wake.

Mamako,
Mwanasha